Hapakuwa na Karatasi, Lakini Palikuwa na Neno

Tafakari kwa vikundi vya vijana vya parokia
Masomo: Kumbukumbu la Sheria 24,10-13, Matayo 18,15-17



Jumamosi moja ya majira ya mvua, katika parseli moja ya komini ya Kikula, kijana mwanakwaya alitoa nje godoro la mwenzake. Walikuwa wakikaa wawili katika chumba kimoja cha nyuma ya uwanja. Wa kwanza ndiye aliyepatana na mwenye nyumba na kutoa garanti. Wa pili alikuja baadaye, akakaribishwa kwa neno la mdomo: utalipa nusu ya kodi kila mwisho wa mwezi, utasaidia kununua makala na unga, basi. Hawakuandikiana kitu. Miezi ya kwanza ilipita vizuri. Kisha yule wa pili akaanza kurudi usiku wa manane na kugonga mlango hata majirani wakaamka. Akala unga asioununua. Akafikisha deni la miezi 2. Mwenzake alinung'unika, akanuna, akanyamaza. Siku ile, mdeni akiwa kazini, yeye akanunua kufuli jipya, akatoa godoro, sanduku na mfuko wa vitabu, akavipanga kando ya ukuta, akafunga mlango, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Alasiri mvua ikanyesha.

Ndani ya mfuko ule wa vitabu ilikuwamo diploma ya Serikali ya yule kijana, karatasi pekee aliyokuwa nayo ya kuonyesha kwamba miaka yake ya shule haikuwa bure. Jioni ilikuwa imegeuka ujiuji.

Mimi nilikuwa kwenye mazoezi hayo. Mwanakwaya wetu alipotusimulia alivyofanya, tulicheka. Mmoja akamwambia: «Umekawia sana, yaya.» Nami nikatikisa kichwa kukubali. Kesho yake sisi sote tulipokea Ekaristi. Yule aliyefukuzwa hakuonekana kanisani Dominika ile, wala iliyofuata, wala hata leo.

Naandika ukurasa huu kwa sababu ya kicheko kile.

Niseme kwanza ninachokipigania na nisichokipigania. Sisemi kwamba mtu analazimika kukaa siku zote na mwenzake wa chumba anayemtesa. Watu wawili waliopatana kukaa pamoja wanaweza kuachana, na mara nyingine ni lazima waachane. Ninachokipinga ni ile njia: kufuli la siri, godoro uani, vitu vya mtu kuguswa naye hayupo. Zaidi ya njia, napinga udhuru tunaoutumia kuitakasa. Udhuru huo mnaujua, maana husemwa katika kila parseli ya mji huu: «Hakuwa na mkataba.»

Tuupime udhuru huo. Kwanza, hausimami vizuri hata mbele ya sheria ya nchi. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali msingi wa sheria yetu ya kiraia, haisemi kwamba mkataba huzaliwa na karatasi. Huzaliwa na kukubaliana kwa watu wenye uwezo wa kukubaliana, juu ya jambo linalojulikana na lililo halali. Na kifungu cha 33 kinafundisha kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali huwa kama sheria kwa wale walioyafanya. Karatasi ni shahidi wa mkataba, siyo mama yake. Asiye na karatasi atapata taabu ya kuthibitisha haki yake, hilo ni kweli. Lakini kukosa shahidi si kukosa haki, na anayeijua kweli moyoni mwake hawezi kujificha nyuma ya udhaifu wa ushahidi wa mwenzake.

Halafu kuna Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba. Imeweka mpaka wa garanti ya nyumba ya kukaa kuwa kodi ya miezi 3, inadai taarifa itolewe kabla ya kuvunja upangaji, na inataka wanaogombana wapitie kwanza upatanisho katika ofisi ya Habitat kabla ya kufika mbele ya hakimu. Juu yake ipo Katiba ya mwaka 2006, ambayo katika kifungu cha 29 inayalinda makao ya kila mtu, na katika kifungu cha 48 inataja haki ya kuwa na makao yanayofaa. Mtu ataniambia kwamba sheria ya upangaji iliandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba na mpangaji wake, wala si kwa vijana wawili wanaogawana chumba na sufuria moja. Nakubali kwamba wawili hao wako mbali na meza ya hakimu. Lakini tazameni nia ya sheria: taarifa kwanza, mazungumzo mbele ya mtu wa tatu, hakimu mwishoni. Kama mwenye nyumba, aliyejenga kwa jasho lake, anadaiwa kupita njia hiyo, mpangaji mdogo atapata wapi ruhusa ya kuiruka? Sijaona kifungu kinachosema: nunua kufuli.

Pili, udhuru huo unatushtaki sisi wenyewe, kwa maana karibu maisha yetu yote hayana karatasi. Likelemba ya akina mama haina mkataba uliotiwa sahihi. Lakini anayepokea zamu yake na kukataa kuchangia zamu ya wengine, mtaa mzima humwita mwizi. Mama anayeuza samaki sokoni hukupa kwa deni kwa kukutazama uso. Wazee wawili hupatana juu ya mahari kwa maneno, na ole wake anayeyakana. Nanyi mliofundishwa katekisimu mnajua jambo kubwa kuliko hayo: ndoa takatifu yenyewe hufanywa na ridhaa ya wanaooana, inayotamkwa kwa kinywa mbele ya Eklezya. Kitabu cha parokia huandika tu yale yaliyokwisha kufanyika. Tunaamini kwamba neno la binadamu lina nguvu ya kufunga maisha mazima ya watu wawili hadi kifo. Itakuwaje neno hilohilo lisitoshe kumfungia mtu nusu ya chumba hadi mwisho wa mwezi? Yezu aliwataka wanafunzi wake kwamba ndiyo yao iwe ndiyo. Hakuongeza: ikiwa imeandikwa.

Udhuru wa pili hufuata ule wa kwanza ukishaanguka. «Lakini chumba ni changu, mimi ndiye ninayelipa.» Hapa naomba tusome tena somo la kwanza, ambalo wengi wetu hatujawahi kulisikia likihubiriwa. Mtu amemkopesha jirani yake, na sasa anataka rehani. Ana haki, deni ni la kweli. Hata hivyo Torati inamkataza kuingia nyumbani mwa mdeni ili aichukue rehani mwenyewe. Inambidi asimame nje, na mdeni ndiye aingie na kuileta. Na mdeni akiwa maskini, na rehani ikiwa ni nguo ya kujifunika, basi irudishwe kabla jua halijatua, apate kulala nayo.

Fikirini maana ya kusimama nje. Mungu hakufuta deni. Hakusema kwamba mkopeshaji ni mtu mbaya. Aliweka mpaka mlangoni, kwa sababu alijua kinachotokea mtu mwenye haki anapoingia mahali pa faragha pa asiye na nguvu: mikono huanza kupekua, macho huanza kudharau. Mdeni hana pesa, lakini bado ana heshima ya kuingia mwenyewe na kutoka na kitu chake mkononi. Kijana wa Kikula hakuwa na nyumba nzima. Alikuwa na nafasi ya godoro moja, sanduku na mfuko. Hapo ndipo palikuwa nyumbani kwake, na mpaka wa Torati ulipita katikati ya chumba kile, kati ya godoro na godoro. Mwenzake aliuvuka naye hayupo.

Tena tusijivune mno kwa sababu ya kulipa kodi. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa mpangaji. Matendo ya Mitume yanamalizika akiwa Roma, amekaa miaka 2 katika nyumba aliyoipanga, akiwapokea wote waliomjia. Katika mji huu wengi wetu ni wapangaji. Anayemfukuza mwenzake leo kwa kufuli, kesho atamkuta mwenye nyumba mlangoni akiwa na kufuli lake, na hapo atatafuta sheria, atamtafuta padri, atatafuta huruma.

Sasa nimefika kwenye udhuru wenye uzito, nami sitaki kuupuuza. «Yule ni mtu mgumu. Wewe hukukaa naye.» Ni kweli, sikukaa naye. Najua kwamba chumba kimoja chenye mtu asiyelipa, asiyefagia, anayerudi amelewa, anayeleta wageni usiku, anayegusa unga wa mwenzake, ni mateso yasiyoonekana na mtu wa nje. Kijana anayesoma au anayeamka alfajiri kwenda kazini hana nguvu ya kuvumilia hayo mwaka mzima. Na tunao wahubiri wa bei rahisi, wanaolala peke yao katika vyumba vyao, wanaomwambia: vumilia tu, beba msalaba wako. Nao nawapinga. Abrahamu, baba wa waamini, wachungaji wake walipogombana na wachungaji wa Loti, hakusema tuvumiliane. Alisema tutengane. Lakini angalieni jinsi alivyotengana: alimwita Loti, wakasimama pamoja wakiitazama nchi, na yeye aliye mkubwa akamwachia mdogo kuchagua kwanza upande wake. Loti hakurudi jioni na kukuta hema lake limetupwa bondeni.

Ipo pia hali ambayo haingoji mazungumzo. Mwenzako wa chumba akikupiga, akikutishia kwa kisu, akimshika msichana bila hiari yake, hapo usalama wa mwili ndio wa kwanza. Ondoka siku hiyohiyo, au aondolewe siku hiyohiyo kwa msaada wa mkuu wa mtaa, wa polisi na wa watu wazima unaowaamini. Anayemwambia msichana avumilie hayo kwa jina la Injili anatenda dhambi. Lakini tuwe wakweli: ni mara ngapi godoro linatupwa nje kwa ajili ya kisu, na ni mara ngapi kwa ajili ya unga na kelele za usiku? Tusiazime hofu ya wanaoteswa kweli ili tufunike uvivu wetu wa kusema na mtu uso kwa uso.

Kwa maana uvivu ndio uliotenda yote. Somo la pili laonyesha njia, nasi tunaisoma kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya maaskofu tu. Ndugu yako akikukosea, nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia hao, liambie kanisa. Mwanakwaya wetu alifanya nini? Alinung'unika kwetu, akanuna mbele ya mwenzake, akanyamaza. Alianza kwa kutuambia sisi, yaani alianza mwisho, na sisi tuliosikia hatukumrudisha mwanzo. Hadi leo sijui yule kijana alikuwa akitoka wapi usiku wa manane. Labda kwenye ulevi. Labda kwenye kazi ya usiku, au kwa mgonjwa. Hakuna aliyemwuliza.

Ndugu vijana, hapa Likasi tuna sababu yetu ya pekee ya kuliogopa godoro lililotupwa nje. Wazazi wenu wanaikumbuka, ingawa wengi hawapendi kuisimulia. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilileta wafanyakazi kutoka Kasai. Walichimba, wakayeyusha shaba, wakajenga nyumba, wakazaa watoto hapa. Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Moto uliokuwa umekwisha kuchochewa na maneno ya wanasiasa ukawaka katika mitaa yetu. Watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Waliondolewa katika nyumba zao, na vitu vyao vikanyang'anywa. Makumi ya maelfu walikimbilia kituo cha gari la moshi na mashuleni, wakangoja treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao, waliozaliwa hapa, hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa wakingoja au njiani. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi.

Sisemi kwamba mwanakwaya mmoja aliyechoka na mdeni wake ni sawa na umati wa mwaka 1992. Kosa lake ni dogo, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Nawakumbusha mambo 2 tu. La kwanza: katika mstari wa mbele wa wale waliowatoa jirani zao nyumbani walikuwapo vijana, vijana wa chama cha UFERI, watu wa rika lenu. Wengine wao walikuwa wamebatizwa kama ninyi. La pili: kati ya waliofukuzwa walikuwamo wenye hati za nyumba. Karatasi walikuwa nazo, na karatasi hazikuwasaidia kitu. Hapo udhuru wa «hakuwa na mkataba» unafikia mwisho wake. Ikiwa dhamiri ya jirani imekufa, hati yenye mhuri ni karatasi tu. Ikiwa dhamiri iko hai, neno lililosemwa mlangoni linatosha. Na dhamiri haifi siku moja. Hujizoeza kidogo kidogo, katika mambo madogo, kuona vitu vya mtu vikiwa nje na kusema: umekawia sana.

Kuna anayefikiri kwamba nataka vijana wawe malaika. Basi nichukue mfano wa mtu mwenye busara ya dunia hii. Wasalesiani, waliofika Katanga mwaka 1911, wametufundisha kumpenda Don Bosco, lakini kisa hiki hatukisimulii vya kutosha. Pale Valdocco, mjini Torino, aliwakaribisha usiku vijana wasio na makao, akawalaza darini kwenye majani makavu. Asubuhi hawakuwapo, na mashuka na mablanketi hayakuwapo pia. Angeweza kufunga mlango kwa siku zote, nasi tungesema: amekawia sana. Mwaka 1847, jioni ya mvua, akaja yatima mmoja kutoka Valsesia, amelowa. Don Bosco alimwuliza mama yake, Mama Margherita, watamlaza wapi. Mama akajibu: jikoni. Akaulizwa juu ya sufuria zake, kama hataziiba. Wakatengeneza kitanda kwa matofali, mbao na godoro, mama akampa kijana mawaidha juu ya kazi na uaminifu, kisha jiko likafungwa hadi asubuhi.

Kufuli lilikuwapo hata kwa watakatifu. Mama Margherita hakuwa mjinga. Alizilinda sufuria zake. Lakini kufuli lake lililinda sufuria, na mtoto akalala pakavu. Kufuli la Kikula lililinda chumba, na mtu akalala tusipojua wapi.

Sasa neno kwako wewe uliye mgumu, maana huenda unasoma ukurasa huu na kufurahi. Usifurahi. Kila nilichosema juu ya nguvu ya neno la mdomo kinakuangukia wewe kwanza. Ulisema utalipa nusu, hukulipa. Unga ulioula ulikuwa wa mtu anayehesabu vikombe ili bukari ifike mwisho wa juma. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, anamchora mtu kama wewe bila huruma: kabla ya kukopa hubusu mkono wa jirani na kusema kwa unyenyekevu, na siku ya kulipa huvuta muda na kulalamikia nyakati. Mwandishi huyo anaongeza kwamba kwa sababu ya watu hao, wengi huacha kukopesha, si kwa ubaya, bali kwa kuogopa kudhulumiwa bure. Tambua basi uzito wa kosa lako: unamfungia mlango yule atakayekuja baada yako, ambaye hukumjua. Ukiambiwa tuachane, usifanye chumba kuwa ngome. Lipa unachoweza, andika unachodaiwa, toka kwa siku mliyopatana.

Tufanye nini basi? Sipendi kuandika maneno makali kisha niwaache watu walivyokuwa.

Kabla ya kuingia, pataneni mbele ya mtu. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha: majina, kiasi cha kodi, siku ya kulipa, garanti imetolewa na nani, na siku ngapi za taarifa mmoja akitaka kuachana na mwingine. Mwenye nyumba ajulishwe. Mtie sahihi, na shahidi mmoja wa kikundi atie ya kwake. Karatasi si mama wa mkataba, lakini ni shahidi mwema, na rafiki wasione haya kuandikiana. Aibu iko katika kugombana.

Ugumu ukianza, semeni mapema, wawili peke yenu, saa ambayo hakuna aliyelewa wala mwenye njaa. Taja jambo moja moja, na kiasi cha deni, kisha unyamaze na usikilize. Isipofaa, itwe yaya mmoja wa kikundi anayeheshimiwa na wote wawili. Isipofaa tena, ipelekwe kwenye jumuiya ya msingi, kwa mkuu wa mtaa, na ikihitajika kwenye ofisi ya Habitat. Mkiamua kuachana, siku itajwe, naye apewe muda wa kutafuta. Vitu vyake avitoe mwenyewe, mchana, ninyi mkimsaidia kubeba. Godoro lisishikwe kwa ajili ya deni. Torati imekwisha kusema juu ya nguo ya kulalia.

Na kama hata baada ya hayo amekuwa kwako kama mpagani na mtoza ushuru, kumbuka ni Injili ya nani unayoisoma. Matayo alikuwa mtoza ushuru, na Yezu alikula naye.

Mwisho, kikundi kisikae kando kama watazamaji. Kila parokia yetu ina chumba chenye viti vilivyovunjika na mapambo ya zamani. Kona moja ya chumba hicho inaweza kutunza sanduku la kijana kwa juma moja. Na kati ya familia zetu, hazikosekani 3 zinazoweza kumlaza mtu usiku 3, hadi apate pengine. Hilo halihitaji makuta mengi. Linahitaji tuache kucheka.

Kuhusu yule wa kwetu, nimemwambia mwanakwaya kwamba nitamtafuta, naye amekubali tuende wote wawili. Hatuendi kumrudisha katika chumba kile. Huenda hawawezi kukaa tena pamoja, na si lazima. Tunakwenda kumwomba msamaha kwa ajili ya mvua, na kumwuliza kama tunaweza kumsindikiza katika ofisi za elimu, tuone namna gani diploma yake itapatikana tena. Deni lake la miezi 2 bado ni deni, naye atalisikia kutoka kwetu, uso kwa uso. Dominika hii, kabla ya kwenda kwenye altare, nawaombeni kila mmoja ajiulize ni godoro la nani alilolicheka.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Je, katika kikundi chetu yupo aliyefukuzwa au aliyemfukuza mwenzake? Nani alizungumza naye, na lini?

2. Someni tena Kumbukumbu la Sheria 24,10-13. Katika chumba kinachokaliwa na watu wawili, «kusimama nje» kuna maana gani?

3. Mnajua nini juu ya Likasi ya mwaka 1992? Mwombeni mzazi au mzee mmoja asimulie, mkimsikiliza bila kumkatiza.

4. Ni familia gani 3 za jumuiya yetu zinazoweza kumpokea kijana kwa usiku 3? Nani atakwenda kuziuliza, na siku gani?